Kadi za Mezani za Bwana Nimekusikia

Wewe uliyepewa funguo za stoo ya vitambaa wiki iliyopita, vuta hiyo kreti ya glasi ukae. Haivunjiki, nimeikalia miaka mingi. Nisikilize taratibu. Mimi nimestaafu, sina haraka ya kuwahi treni tena, na wewe bado uko kwenye kipindi cha majaribio; kwa hiyo mmoja wetu ana muda na mwingine ana haja. Sitakueleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwaje, maana hayo hayatakusaidia kupanga meza. Nitakueleza habari za kadi, na za mgeni mmoja aliyefika kwenye ukumbi wetu mara tano, kwa sababu ukimwelewa huyo mmoja utawaelewa wengi.

Niliajiriwa kubeba viti. Nilitoka Tanga nikiwa na hati nzuri ya mkono na Kiingereza cha darasani, na hapa katikati ya Washington hakuna aliyeniuliza habari ya hati. Siku yangu ya tatu, Bi Nduta, Mkenya wa Murang'a aliyekuwa mkuu wa meza, alinikuta nikiandika majina ya vitu juu ya maboksi ya stoo ili nisisumbue watu kwa kuuliza. Akasimama akaangalia. Akaniambia niache viti, nimfuate. Alinipa kalamu ya nibu, kichupa cha wino mweusi na kadi ishirini, akanitajia majina ya watu wa nchi nne. Niliharibu kumi na moja. Alinisogezea nyingine.

Kadi ya mezani, kijana wangu, ni karatasi nene iliyokunjwa kama paa. Jina huandikwa pande zote mbili. Upande wa nje ni kwa ajili ya wanaomtazama, na wa ndani ni kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu wakubwa husahau wanakaa wapi, na wengine husahau hata cheo walichonacho wiki hiyo. Ukimaliza kuandika, iache ikauke. Usipulize, mate yanaharibu wino. Kiti na kiti viachane kwa kipimo cha fimbo ile ya mbao iliyoning'inia nyuma ya mlango. Mkubwa hukaa katikati ya meza ndefu, anayemfuata hukaa kuliani kwake, kisha kushotoni, hivyo hivyo mpaka mwisho, ambako upepo wa mlango wa jikoni humpiga mtu shingoni. Bi Nduta alikuwa akisema kuwa gazeti litakwambia mtu alisema nini, lakini sisi tunajua alikaa wapi.

Basi, huyo mgeni. Alikuwa Mkanada, mbunge wa bunge la shirikisho, na mara ya kwanza alikuja na ujumbe wa biashara ya mbao. Kabla ya siasa alikuwa mtangazaji wa mpira wa magongo wa barafuni kwenye redio ya mji wake, na sauti hiyo alikuja nayo. Alikuwa anaweza kuomba chumvi ukadhani kuna mtu amefunga goli. Kadi yake ilikuwa ya kumi na saba, karibu na mlango wa jikoni.

Nusu saa kabla ya chakula niliingia kukagua meza nikamkuta peke yake ukumbini, ameshika kadi mbili. Alikuwa ameihamisha yake hadi kiti cha tisa, na ya tisa, ya mama mmoja mtaalamu wa misitu, anaipeleka mlangoni. Aliponiona alicheka, akanishika bega, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akasema, kwa macho ya upole kabisa, "Nimekusikia." Sikuwa nimesema lolote la kusikika zaidi ya jina la nchi. Bi Nduta aliingia nyuma yangu, akachukua kadi zote mbili mikononi mwake, akazirudisha, akanyoosha kitambaa. Tangu siku hiyo Otieno, fundi wetu wa vipaza sauti, akambandika jina la Bwana Nimekusikia, na mpaka leo ukimtaja kwa jina lake halisi hapa kazini hakuna atakayejua unamsema nani.

Mara ya pili alikuja akiwa msaidizi wa waziri bungeni. Kadi ilisogea mpaka ya nane. Mara ile ya kwanza alikuwa upinzani, na hotuba yake iliilaani ada fulani ya mpakani kuwa ni aibu kwa taifa. Sasa chama chake kilikuwa serikalini na ada ilikuwa pale pale. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuweka nakala za hotuba kwenye viti, na mimi huwa situpi karatasi. Nilizilinganisha zote mbili nikiwa kwenye treni ya kurudi Takoma Park. Ilikuwa hotuba ile ile. Mvuvi aliyekutana naye kwenye theluji alikuwa yule yule, na machozi ya mvuvi yalikuwa aya ile ile ya tatu. Palipokuwa na "tunalaani" sasa pameandikwa "tunalinda". Mtu mvivu kiasi hicho ungetegemea walau aone haya. Yeye aliomba glasi ya maji akatabasamu.

Hapo ndipo Mama Riziki anapoingia katika habari hii. Mama Riziki, na Riziki ni jina lake mwenyewe, ni yule Mkongomani wa Bukavu unayemwona pale kwenye pasi kubwa, anayenyoosha vitambaa na kung'arisha glasi. Kwa Kifaransa anawapita nusu ya mabalozi wanaokula hapa. Bwana Nimekusikia alipogundua hilo alifurahi mno. Kule kwao, mtu anayetaka kuja kuwa kiongozi wa chama lazima aimudu lugha hiyo, na ya kwake ilikuwa inachechemea. Basi kila mapumziko alikuwa anakuja kwenye pasi. Anauliza habari za watoto, anarekebishwa kitenzi, anajibu, anarekebishwa tena. Riziki alidhani amepata rafiki. Kumbe alikuwa amempa mtu masomo ya bure.

Akamweleza shida yake. Mdogo wake, Neema, alikuwa mkimbizi Kampala, na kanisa dogo la mji mmoja Kanada lilikuwa limemdhamini aende kuishi huko. Karatasi zilikuwa zimekubaliwa, kisha kimya. Mwaka mzima kimya. Neema alikuwa anaishi chumba kimoja na watu sita, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuja kugonga bila sababu ya kodi. Unaelewa ninachosema. Na mji wa lile kanisa ulikuwa ndani ya jimbo la yule mbunge. Riziki aliona mkono wa Mungu. Mimi pia niliuona, nakiri.

Bwana mkubwa akamwambia aandike barua. Riziki aliiandika kwa wiki mbili. Akatia namba ya faili, nakala ya barua ya mchungaji na picha ya Neema. Bahasha ilinona, gundi yake ikagoma kushika, basi Otieno akamkatia utepe wa kijani, ule wa kubandikia nyaya sakafuni, akaizungusha bahasha mara mbili. Siku ya mwisho ya mkutano Riziki alivua aproni, akampa barua kwa mikono miwili mbele yetu sote. Akaipokea. Akaweka kiganja kifuani. Akasema lile neno lake.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana kosa lililofuata ni letu, na zaidi ni langu.

Kwetu pwani, na kwao Bukavu vile vile, mkubwa akipokea barua yako mbele ya mashahidi amejifunga. Huendi tena kumuuliza. Kumkumbusha ni kumwambia kuwa ni mwongo, na ukishamwambia hivyo umeua jambo lako mwenyewe. Miezi sita ilipopita Riziki akaniuliza kama aandike tena. Nilimwambia, "Mama Riziki, mtu mzima hakumbushwi. Tulia." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Otieno, aliyekuwa anakula hapo kando, alitikisa kichwa.

"Nyinyi watu wa Coast mtakufa na heshima yenu," akasema. "Mtu kama huyo unam-follow up mpaka akuote."

"Wewe nawe huna adabu," nikamjibu.

"Sina. Lakini passport ya mamangu ilitoka."

Tulicheka sote, hata Riziki, na hakuna aliyepiga simu.

Mara ya tatu alirudi akiwa waziri. Kadi ilikuwa ya pili, kuliani kwa mkubwa, na ilinibidi niandike "Mheshimiwa" na kutafuta nafasi ya jina la wizara, lililokuwa refu kuliko kazi waliyokuwa wanaifanya. Alimkumbatia Riziki. Alizungumza naye Kifaransa dakika ishirini, sasa akiwa na kidaftari. Habari ya Neema hakuitaja, na sisi, kwa adabu zetu, hatukuitaja. Riziki alisubiri amalize kuandika vitenzi vyake. Waziri alipoondoka, Riziki akaniambia labda mambo ya serikali hayasemwi hadharani. Nikamwambia bila shaka. Nimewahi kukosea majina ya marais kwenye kadi na bado nilipata usingizi. Hilo la kumwambia Riziki bila shaka ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Bi Nduta alistaafu mwaka huo, akaniachia meza na ile fimbo. Kisha ikaja mara ya nne.

Chama chake kilikuwa kinatafuta kiongozi mpya na yeye alikuwa anagombea. Wagombea wa kule hupenda kuja Washington wapigwe picha wakitazama mbali, ili wapiga kura wao waone kuwa dunia inawajua. Alikodishiwa ukumbi mdogo mchana, akaletewa watu wa kupiga makofi na wapiga picha. Kadi yake ilikuwa katikati kabisa, na nilipokagua nilikuta ameisukuma mbele kidogo ili isomeke kwenye kamera. Mtu hata akikaa katikati bado anasogeza.

Nilikuwa nimesimama ukutani, mahali pangu. Riziki alikuwa mlangoni na trei ya glasi. Otieno alikuwa kwenye mashine zake. Hotuba ilianza na mvuvi wa theluji, ambaye kwa hesabu zangu alikuwa amelia miaka minne mfululizo. Kisha sauti ikashuka, ile ya dakika za mwisho za mchezo. Akasema katika jengo hilihili kuna mama mnyenyekevu aliyemkabidhi barua, na kwamba barua hiyo hutembea nayo kila aendako, kwa sababu siasa ni watu. Akasema mama huyo anaitwa Grace, ametoka Rwanda, na anamlilia mama yake aliye kambini. Mkono ukaingia ndani ya koti, akainyanyua bahasha juu.

Utepe wa kijani ulikuwa umeizunguka mara mbili, vile vile Otieno alivyoufunga. Haukuguswa. Pembe moja ya bahasha ilikuwa imekunjika kwa kukaa mfukoni, basi.

Watu walipiga makofi, na wengine walisimama. Mimi nilimtazama Riziki. Hakuwa analia. Alikuwa anaitazama ile bahasha kama anavyotazama glasi mwangani kutafuta doa. Aliweka trei kwenye meza ya pembeni, akapita katikati ya ukumbi wakati watu bado wamesimama, akafika mbele. Alizungumza Kifaransa, polepole, kama alivyozoea kumfundisha. Otieno na mimi tulikuwa tumeshasogea, na baadaye Riziki alitutafsiria kila neno.

"Mheshimiwa, naomba barua yangu."

Yule bwana alimkumbatia, akamgeuza upande wa kamera. "Mama, barua hii ninaibeba kila mahali."

"Naona," Riziki akasema. "Hujaifungua."

"Ni ishara kubwa sana kwangu."

"Kwangu ni mdogo wangu. Nipe."

Akaunyoosha mkono, mmoja tu safari hii. Yule bwana alitazama kamera, akatazama mkono, akampa. Alitabasamu muda wote. Ninakuambia ukweli, nimewaona watu wakiangusha supu kwenye mapaja ya majenerali, na sijaona uso uliobaki na tabasamu lisilokuwa na mtu ndani kama ule.

Meneja alinitaka niandike taarifa ya utovu wa nidhamu. Hilo nalo ujifunze: ukiwa mkuu wa meza, kalamu ya kadi ndiyo kalamu ya taarifa. Niliandika mistari miwili: "Mgeni alikuwa na mali ya mfanyakazi. Ameombwa kuirudisha na ameirudisha." Meneja alisoma, akanitazama, akaiweka kwenye faili. Riziki hakuguswa.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, tulikaa chumba cha pasi, Riziki, Otieno na mimi, simu ikiwa juu ya ubao wa kunyooshea. Otieno alikuwa amemtafuta mbunge huyo mtandaoni na kukuta kitu ambacho mimi, kwa miaka yote ya kuwaandikia kadi, sikukijua. Kila mbunge wa kule ana ofisi ndogo jimboni, kwenye mtaa wa kawaida, kati ya kinyozi na duka la dawa, na watu hupeleka humo shida zao na serikali: pasipoti iliyokwama, pensheni, faili la uhamiaji. Hiyo ndiyo kazi. Hotuba ni mapambo yake.

Simu ilipokelewa na mama mmoja mwenye mafua aliyejitambulisha kuwa ni Colleen. Riziki alieleza. Yule mama hakusema amemsikia. Alisema, "Namba ya faili?" Tukasikia vidole kwenye kibodi. Kisha akauliza barua hiyo ilifika ofisini kwao lini. Riziki akamwambia haikuletwa ofisini, alikabidhiwa mbunge mwenyewe, mkononi.

Tukasikia akipenga kamasi. "Mama," Colleen akasema, "mimi ndiye ninayefungua barua hapa. Zote. Zile anazopewa mkononi hazijawahi kunifikia."

Alitaka mchungaji wa lile kanisa atie saini karatasi moja ya idhini. Ilitiwa saini siku ileile. Baada ya siku tisa alipiga mwenyewe. Faili halikuwa limekataliwa wala kupotea. Vipimo vya afya vya Neema vilikuwa vimepitwa na wakati, akatakiwa apime upya, na ujumbe wa kumwambia hivyo ulitumwa kwenye namba ya simu aliyoibiwa zamani. Ni hilo tu. Kwa miaka miwili Neema alikuwa amelala na kabati limesukumwa mlangoni kwa sababu ya namba ya simu, na mtu ambaye ofisi yake ingeligundua hilo kwa siku tisa alikuwa anatembea na namba ya faili mfukoni, juu ya moyo, kwa ajili ya picha.

Riziki alikata simu akaketi. Nilimwomba radhi. Nilimwambia mimi ndiye niliyemwambia atulie. Alinijibu kuwa alikuwa mtu mzima aliponisikiliza, kisha akaniambia nimpishe, pasi inapoa. Nadhani alinisamehe, lakini si siku hiyo.

Neema alisafiri kabla ya mwaka kwisha. Tulimwona kwenye simu ya Riziki, amesimama nje ya lile kanisa, amevaa koti la mtu mrefu, anacheka kwa sababu meno yanagongana na hawezi kumaliza sentensi. Otieno alimwuliza baridi ikoje. Akasema bado anatafuta neno.

Na Bwana Nimekusikia? Alishika nafasi ya tano katika wagombea watano. Uchaguzi uliofuata watu wa jimbo lake walimpumzisha. Mara ya tano alikuja akiwa mshauri wa kampuni fulani ya mbao, zile zile za mwanzo, ila sasa alikuwa anatetea upande wa pili. Kadi yake ilikuwa ya kumi na nne. Alinijia kabla ya chakula kuniomba niongeze "Mheshimiwa", maana kule kwao aliyewahi kuwa waziri hubaki nalo mpaka kaburini. Nililiandika, na kwa hati nzuri. Kazi ni kazi, na wewe ukiombwa andika vile vile bila kununa. Wino si mahali pa kulipia kisasi.

Alipokuwa anasubiri likauke aliniuliza kama yule mama wa Kifaransa bado yupo. Nikamwambia yupo, na mdogo wake amefika Kanada salama. Uso wake uling'aa.

"Tulifanya kazi nzuri pale," akasema.

Nilitazama kama anatania. Hakuwa anatania. Anaamini. Naye si mtu mbaya wa kupiga watu; ni mtu ambaye hajawahi kuona tofauti kati ya kusifiwa na kufanya, na amezeeka hivyo, ana nguo nzuri na sauti nzuri. Utawapangia meza wengi wa namna hiyo, kutoka kila nchi, hii yetu tunayoishi ikiwemo. Wapangie vizuri. Wape maji kabla hawajaomba. Lakini jambo lako lisilale mikononi mwao.

Najua una faili la mkeo, uliniambia juzi nilipopita kukusaidia kukunja vitambaa, na najua kuna mgeni aliyekuahidi wakati wa kahawa. Kesho, saa ya chakula cha mchana, piga simu ofisi yake. Usimwulizie yeye. Uliza jina la mtu anayefungua barua, mtajie namba ya faili, andika jina lake na tarehe uliyozungumza naye, na baada ya siku saba mpigie tena.